UZI: Isaac Franklin, tajiri wa Marekani aliyeuza watu kwa ratiba, kila tarehe 1 na 15

Mchimba Kumbukumbu

Wakuu salaam. Kaeni mkao wa kula, uzi ni mrefu na sitaugawa vipande.

Ukimtajia mtu mfanyabiashara wa watumwa wa Marekani, kichwani anamuona jambazi fulani mchafu, kiboko mkononi, mlevi, anakimbiwa na watu wenye heshima zao. Hiyo picha waliipaka wenyewe matajiri wa mashamba ili lawama zote zimwangukie dalali, wao wabaki waungwana waliorithi watumwa kutoka kwa babu zao bila kujua ilikuwaje. Sasa mimi nawaletea huyu Isaac Franklin muone alidharauliwa na nani.

Kwanza mazingira. Sheria ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia 1 Januari 1808. Meli za kutoka Afrika zikapungua sana, za magendo ziliendelea kidogo, lakini mwaka 1860 watumwa nchi ile walikuwa karibu milioni 4. Walizaliwa hukohuko. Na wakati huohuo kule Virginia na Maryland ardhi ilikuwa imechoka kwa tumbaku, wenye mashamba wana madeni, huku chini Mississippi, Alabama na Louisiana pamba imeshika moto tangu ile mashine ya kutenganisha pamba na mbegu ya mwaka 1793, na wenyeji wa asili kama Wachoctaw wananyang'anywa ardhi yao ili ilimwe. Juu kuna watu wa kuuzwa, chini kuna mnunuzi mwenye njaa. Anayekaa katikati ndo anatajirika. Kati ya 1790 na 1860 watu kama milioni moja walihamishwa hivyo, wengi wao kwa kuuzwa.

Franklin alizaliwa 1789 Sumner County, Tennessee, familia ya wenye mashamba. Ujanani alikuwa anashuka na kaka zake kwa mashua mpaka New Orleans kupeleka bidhaa, ndo akaijua ile njia ya mto na bei za huko. Akaanza kubeba watu. Mwaka 1828 akaungana na John Armfield, kijana wa North Carolina ambaye baadaye alimuoa Martha, mtoto wa ndugu yake Franklin, kwa hiyo biashara ikawa ya kifamilia. Wakapanga nyumba ya matofali ya ghorofa tatu, Duke Street, mji wa Alexandria. Wakati huo Alexandria ilikuwa ndani ya wilaya ya mji mkuu, yaani gereza lao la watu liko mwendo mfupi tu kutoka lilipo Bunge la nchi iliyojisifia uhuru.

Tangazo lao la gazetini la mwaka huo lilisema wanahitaji watu 150, wa jinsia zote, umri kati ya miaka 8 na 25, hela taslimu. Soma tena hapo, miaka 8. Huyo ni mtoto wa darasa la pili.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi. Armfield anakaa Alexandria ananunua, ana maajenti wamesambaa Virginia na Maryland wanazunguka kwenye minada ya warithi na kwa wenye madeni. Franklin anakaa Natchez, mji wa Mississippi, na New Orleans anauza. Baadaye akaongezeka Rice Ballard, yeye akashika Richmond. Na barua zinapita katikati muda wote: leta vijana zaidi, punguza wazee, bei imeshuka, benki imebana, noti ya fulani inaiva mwezi wa tatu. Maana wakulima wa pamba walikuwa hawana cash, wananunua watu kwa mkopo wanalipa baada ya mavuno, kwa hiyo Franklin alikuwa muuza watu na mkopeshaji kwa wakati mmoja, na nyuma yake kuna mabenki yaliyokuwa yanazipokea hizo hati za madeni. Wakati biashara imekolea walikuwa wanapeleka watu zaidi ya elfu moja kwa mwaka.

Usafiri sasa. Walikuwa na meli zao, Tribune, Uncas na moja walioipa jina la bosi mwenyewe, Isaac Franklin. Tangazo lao la 1835 linasema meli zitaondoka tarehe 1 na tarehe 15 ya kila mwezi msimu mzima, kama basi la mkoani lenye ratiba ukutani. Na mtu mwingine mwenye mtumwa wake anayetaka kumsafirisha anaruhusiwa kumuacha pale Duke Street atunziwe kwa senti 25 kwa siku. Kwenye kila meli sheria ilitaka orodha: jina, jinsia, umri, urefu, rangi ya ngozi, na nahodha anaapa kwamba hakuna humo aliyeingizwa nchini baada ya 1808. Serikali haikuwa imelala, ilikuwa inagonga mihuri.

Wengine walikwenda kwa miguu. Kila kiangazi msafara unatoka Alexandria mpaka Natchez, maili kama elfu moja, miezi miwili mpaka mitatu. Mwaka 1834 Mwingereza mmoja mtaalamu wa miamba, George Featherstonhaugh, aliukuta wa Armfield alfajiri kwenye mto New River kule Virginia. Watu kama 300. Wanaume wamefungwa pingu wawiliwawili kwenye mnyororo mrefu, wanawake wengine wamekaa kwenye magogo, watoto wanaota moto, magari ya farasi yamejaa vyombo, na wazungu wasimamizi wanavuta sigara na kucheka. Halafu wakavushwa mto, wanaume kwa miguu majini na minyororo yao. Featherstonhaugh anamwelezea Armfield kama mtu mrefu, nywele zimekatwa kama za mhubiri wa Kimethodisti, ndevu nene nyeusi. Na kwenye kofia yake nyeupe alikuwa amefunga kitambaa cheusi cha msiba. Msiba wa nani? Wa Jenerali Lafayette, yule Mfaransa shujaa wa uhuru wa Marekani, aliyefariki mwezi wa tano mwaka huo. Jamaa anaomboleza mpigania uhuru huku nyuma yake kuna mnyororo wa watu. Mimi hapo niliweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Naendelea, niulizeni maswali.

Kobe Msafiri

Mkuu natia nanga hapa. Swali, hilo jengo la Duke Street ndani kulikuwaje? Watu walikuwa wanapigwa humo?

Mchimba Kumbukumbu

Mkuu Kobe, tuna maelezo ya mwalimu mmoja kutoka kaskazini, Ethan Allen Andrews, alitembelea mwaka 1835. Na sikiliza, alikaribishwa vizuri tu, Armfield hakuwa anaficha kitu, wageni walikuwa wanatembezwa. Kuna ua uliozungushiwa kuta ndefu zilizopakwa chokaa nyeupe, upande wa wanaume na upande wa wanawake, katikati malango ya chuma. Wanaume kama 50 au 60. Kuna jiko, kuna meza ndefu za kulia, mikate na nyama ipo. Kuna chumba cha ushonaji ambako nguo mpya zilikuwa zinaandaliwa, kila mtu atazivaa akifika sokoni. Usafi wa hali ya juu.

Hapo ndo wageni wengi walichanganyikiwa. Walitegemea kuona mateso wakaona mpangilio. Lakini bidhaa yako ukiipiga mikwaju ikaota makovu bei inashuka, maana mnunuzi akiona kovu mgongoni anasema huyu mkorofi. Ule mkate na nyama ni gharama ya kunenepesha mzigo, tusidanganyane.

Na upande wa kuuzia ndo kulikuwa na ufundi. William Wells Brown, aliyekuwa mtumwa na baadaye akatoroka 1834, aliwahi kukodishwa kwa dalali mmoja wa St. Louis anaitwa Walker. Kazi yake kwenye boti kuelekea New Orleans ilikuwa kuwaandaa wazee: kuwanyoa ndevu, kung'oa mvi, na zikiwa nyingi mno anazipaka rangi nyeusi kwa brashi. Brown mwenyewe anasema wakitoka hapo walionekana wadogo kwa miaka 10 au 15, na wanunuzi waliingizwa mjini kweli.

Kijana wa Relini

Mbona hamsemi ya Waarabu? Kila siku Marekani Marekani. Bagamoyo na Zanzibar palikuwa nini, picnic?

Mchimba Kumbukumbu

Kijana, fungua uzi wa Tippu Tip nitakuja kuchangia na nitachangia sana, nina mengi. Huu ni wa Franklin. Soko la Unguja limefungwa 1873, hakuna anayekataa lilikuwepo. Kumsema mwizi wa Tabata hakumsafishi mwizi wa Mbagala.

Binti Shangazi Mwema

Kaka Mchimba kabla hamjagombana, kuna uzi wa kweli unaotuunganisha sisi na huyo Franklin na wengi hawaujui. Ile merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa ambacho bibi zetu walikivaa na wapagazi walilipwa nacho njia nzima ya Tabora mpaka Ujiji, ilikuwa inatoka viwanda vya Massachusetts. Meli za Salem zilikuwa zinakuja Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, Seyyid Said akasaini mkataba na Wamarekani 1833, 1837 wakaleta na balozi wao. Pamba ya viwanda vile inalimwa na nani? Na haohao waliouzwa Natchez. Kwa hiyo mtu anavuna kwa viboko Mississippi, kitambaa kinafumwa Massachusetts, kinafika Unguja kinalipia msafara wa pembe na watu bara. Hela ilikuwa inaongea lugha moja pande zote mbili za bahari, Kijana wa Relini hapo umepata jibu lako na mimi sijamtetea mtu.

Mchimba Kumbukumbu

Dada Binti umemaliza kila kitu, hiyo ilipaswa kuwa kwenye uzi wangu pale juu. Asante sana.

Kobe Msafiri

Dah. Haya, kuna mtu aliwahi kuwasumbua hawa? Watumwa wenyewe walikubali tu?

Mchimba Kumbukumbu

Hawakukubali. Mwaka 1841 meli inaitwa Creole ilitoka Virginia na watu 135 kwenda New Orleans, hii haikuwa ya Franklin. Usiku mmoja watu 19 wakiongozwa na Madison Washington wakaiteka, wakailazimisha kwenda Nassau, Bahamas, ambako Waingereza walishafuta utumwa. Karibu wote wakawa huru. Washington D.C. ilichukia balaa.

Sheria nazo zilikuwepo, ila za kuchekesha. Louisiana 1829 wakasema mtoto wa chini ya miaka 10 asiletwe kuuzwa bila mama yake, labda awe yatima. Unajua kilichofuata, mayatima wakaanza kupatikana kwa wingi. Mississippi nao waliandika kwenye katiba yao ya 1832 kwamba ni marufuku kuingiza watumwa kama bidhaa, na biashara ikaendelea mchana kweupe.

Kilichowahi kumtikisa Franklin kidogo ni kipindupindu. 1833 ugonjwa ukaingia Natchez, watu kwenye mzigo wake wakaanza kufa, yeye akaona habari zikitoka bei itaanguka, akawa anawazika kimyakimya kwenye bonde nje ya mji, tena juujuu. Wenyeji wakazikuta maiti. Mji ukachafuka, wakapitisha sheria kwamba madalali wa watumwa wasikae ndani ya mji. Si kwamba wasiuze, wasikae ndani tu. Wakahamia njia panda nje kidogo ya mpaka, panaitwa Forks of the Road, na pakawa moja ya masoko makubwa kabisa ya watumwa ya kusini yote. Biashara ikaongezeka!

Ile hasira ya wakazi wa Natchez ilikuwa ya harufu na ya kuogopa kuambukizwa. Wangekuwa wanahuzunika, soko lingekufa.

Binti Shangazi Mwema

Kaka na wanawake je? Maana sehemu hiyo huwa mnairuka.

Mchimba Kumbukumbu

Siiruki dada, nilikuwa naikwepa maana inachosha moyo. Barua za hawa watatu zipo mpaka leo, makaratasi ya Ballard yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Wanaandikiana kuhusu wasichana wa rangi nyepesi ambao waliuzwa kwa bei ya juu kabisa kwa ajili ya ngono, na wanataniana humo nani amlale nani kabla hajauzwa. Mbakaji anamwandikia mbakaji mwenzake na kwenye ukurasa uleule kuna hesabu za benki. Wala hawakuandika kwa mafumbo mazito, hawakutegemea mtu yeyote atakuja kuwahukumu.

Ballard alimweka mwanamke anaitwa Avenia White, akazaa naye. 1838 akampeleka Cincinnati akampa uhuru pamoja na watoto, na mwanamke mwingine, Susan Johnson. Halafu 1840 akaoa mzungu Natchez. Barua za Avenia zipo, anaomba hela ya kodi na ya kula, kwa adabu zote, kwa mtu aliyemnunua.

Na kuna ya 1853. Mwanamke anaitwa Virginia Boyd anamwandikia Ballard akiwa Texas kwenye soko la watumwa, ana mimba, ana watoto, na baba wa watoto ni jaji Samuel Boyd, mshirika wa Ballard kwenye mashamba. Jaji ameagiza auzwe mbali. Virginia anaomba angalau aruhusiwe kufanya kazi ajikomboe mwenyewe, anauliza inakuwaje mtu auze damu yake. Ballard hakumsaidia. Miezi michache baadaye akapata taarifa ya ajenti kwamba Virginia ameshauzwa na mtoto wake mmoja, yule binti mkubwa bado hajauzwa. Mistari michache tu, kama taarifa ya mzigo wowote.

Mzee Tarumbeta

Wanangu, malipo ni hapahapa duniani. Huyo Franklin aliishia wapi?

Mchimba Kumbukumbu

Shikamoo mzee. Hapo sasa ndo pabaya kwa msemo wako.

Franklin alijitoa kwenye biashara miaka ya 1830 ikielekea kuisha, ule mdororo wa 1837 ulimkuta ameshabadilisha hela kuwa ardhi. Tennessee ana kasri lake Fairvue, Louisiana ana mashamba kando ya mto Mississippi. 1839, akiwa na miaka 50, akamuoa Adelicia Hayes, binti wa miaka 22 wa familia kubwa ya Nashville, baba yake mwanasheria. Hakuna aliyesema hatutoi binti kwa muuza watu. Akafa 1846 akiwa na zaidi ya watu 600 kwenye umiliki wake na mali ya karibu dola laki saba na nusu, za wakati ule mzee.

Watoto wake wanne na Adelicia wote walifariki wadogo, kwa hiyo najua wapo watakaosema ndo malipo yenyewe. Mimi hapo sikubaliani, watoto hawakuuza mtu. Na watoto wa watu aliowauza walikuwa wanakufa pia na hakuna aliyesema ni malipo ya chochote.

Kwenye wosia alitaka hela nyingi ijenge shule kule Sumner County. Mjane akaenda mahakamani Louisiana akashinda, mali ikabaki kwake. Akaolewa tena 1849 na Joseph Acklen, wakajenga kasri la Belmont, Nashville. Huyu mama ni wa uzi wake peke yake: wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, aliwazunguka maofisa wa pande zote mbili, akatoa pamba yake Louisiana akaiuza Uingereza kwa karibu dola milioni moja, za dhahabu. Kasri lile leo liko ndani ya Chuo Kikuu cha Belmont.

Armfield naye alinunua sehemu ya mapumziko milimani, Beersheba Springs, akawa mwenyeji wa maaskofu, na akaahidi dola 25,000 kwa mwaka kwa chuo kipya cha kanisa, Sewanee. Vita ikaharibu mahesabu. Akafa 1871 kitandani kwake.

Kijana wa Relini

Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyefungwa?

Mchimba Kumbukumbu

Kwa kosa gani Kijana? Alikuwa na leseni, orodha zimegongwa mihuri, kodi analipa.

Ila umenikumbusha. Moja ya yale mashamba ya Franklin kule Louisiana liliitwa Angola. Baada ya vita likaangukia mikononi mwa mtu aliyekodishiwa wafungwa na serikali ya jimbo, 1901 jimbo likachukua lenyewe. Leo ndo gereza kuu la Louisiana, ekari 18,000, wafungwa wengi ni weusi, wanalima mashamba yaleyale na askari yuko juu ya farasi.

Kobe Msafiri

Aisee. Na ile nyumba ya Alexandria ilibomolewa?

Mchimba Kumbukumbu

Ipo mkuu, ila sehemu tu, ua na majengo ya nyuma hayapo. Baada ya Franklin na Armfield ilipita kwa madalali wengine, wa mwisho Price, Birch na wenzao. Birch huyo ndiye aliyemuuza Solomon Northup, yule mtu huru wa New York aliyetekwa Washington 1841. Tarehe 24 Mei 1861 jeshi la Kaskazini likaingia Alexandria, wenye duka wakakimbia, askari wakakuta mtu mmoja ameachwa humo ndani kwenye mnyororo. Jengo likageuzwa jela ya kijeshi. 2020 halmashauri ya jiji ikalinunua na sasa ni makumbusho, ukifika ni Duke Street namba 1315.

Binti Shangazi Mwema

Kaka hizo orodha za meli mtu anaweza kuziona? Nina rafiki Mmarekani mweusi anatafuta ukoo wake, kaishia 1870 hapo kakwama.

Mchimba Kumbukumbu

Zinaonekana dada, nyingi ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Marekani na zimepigwa picha. Sensa ya 1870 ndo ya kwanza kuandika majina ya watu weusi wote, kwa hiyo wengi wanakwama hapohapo, za nyuma watumwa waliandikwa bila majina chini ya jina la bwana. Mwambie aanze na jina la mwenye shamba, siyo la babu yake. Akijua mwenye shamba alinunua New Orleans au Natchez mwaka gani, arudi kwenye orodha za meli za msimu huo atafute umri na urefu unaolingana. Mkataba wa mauzo New Orleans ulipitia kwa notari, yaani mthibitishaji wa hati, na makaratasi yale yapo mjini mpaka leo. Ila kama babu alipelekwa kwa miguu hiyo ni ngumu zaidi, msafara wa barabarani haukudaiwa orodha ya forodha. Mwambie aniandikie PM na jina la kaunti, nitamsaidia nikipata nafasi wikiendi.